Fungua Kinywa Kwanza: Kutafuta Chanzo cha Vidonda Mdomoni mwa Paka

Paka anayeumwa kinywa halii. Anakimbilia sahani kama kawaida, ananusa sambaza (wale samaki wadogo wa ziwani), anauma mara moja, kisha anaruka nyuma kana kwamba sahani ndiyo iliyomng'ata. Anajifuta mdomo kwa mguu wa mbele, anafoka, anaenda kulala chini ya kitanda. Kesho yake ni hivyo hivyo. Watu wa nyumbani husema ameshiba panya, au amekuwa mchaguzi. Huyo paka ana njaa. Anachoogopa ni maumivu yanayomngoja akianza kutafuna.

Hapa Bukavu njia ya wengi ni fupi: kushuka famasi ya mtaani kununua amoksisilini, au kumwita mtu aje achome sindano ya kortizoni, dawa ya kupoza uvimbe. Baada ya siku tatu paka anakula, nyumba nzima inafurahi. Baada ya wiki chache mate yanamtiririka tena, safari hii yana damu. Dawa ilipoza wekundu bila mtu yeyote kuuliza wekundu huo umekaa wapi. Na katika kinywa cha paka, mahali wekundu ulipokaa ndipo penye nusu ya jibu. Ufizi ukivimba ukingoni mwa jino tu, hilo ni jambo moja. Nyama ya nyuma kabisa, karibu na koo, ikiwa imevimba pande zote mbili, hilo ni jambo lingine kabisa. Kidonda cha upande mmoja chini ya ulimi ni habari ya tatu, na ndiyo inayotutia hofu kuliko zote. Kwa hiyo tunaomba jambo moja: kabla ya dawa yoyote, kinywa kifunguliwe, kitazamwe, na kilichoonekana kiandikwe.

Kabla hujagusa

Kuna paka ambaye hupaswi kumfungua kinywa. Ni yule aliyebadilika tabia ghafla ndani ya siku chache: mpole amekuwa mkali, au mkali amekuwa mpole kupita kiasi, taya la chini limelegea, mate yanatoka kwa wingi, sauti imebadilika, miguu inayumba, hawezi kumeza hata maji. Hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa, na jina lisikudanganye, paka naye huupata na kuuambukiza. Mate yenyewe ndiyo yanayobeba virusi. Kama paka hajachanjwa na huzurura usiku, usiweke kidole kinywani mwake kutafuta mwiba wa samaki. Mfungie chumbani, zuia watoto, mwite daktari wa wanyama. Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa au aliyeingiwa na mate kwenye jeraha aoshe pale pale kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asingoje kuona kama paka atakufa.

Mate mengi bila kidonda chochote yana maana nyingine pia. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini, ikipakwa kwa paka, huleta mate, kutetemeka na degedege. Dawa ya kuua wadudu wa shambani, au panya aliyekula sumu zile zinazouzwa sokoni bila lebo, huweza kuleta mate, mboni za macho zilizosinyaa, kuhara na misuli kurukaruka. Huyo apelekwe kwa daktari sasa hivi, wala hakuna muda wa kukagua fizi.

Namna ya kutazama

Chagua saa paka ametulia. Mfunge kwa taulo nene kuanzia shingoni, miguu yote minne ndani, kichwa tu kibaki nje. Watu wawili wanatosha: mmoja ashike, mwingine atazame. Kwa mwanga tumia tochi ya simu, maana balbu ya chumbani haifiki nyuma ya kinywa hata siku ambayo umeme upo.

Anza bila kufungua kinywa. Inua mdomo wa juu upande wa kushoto, kisha wa kulia, uone fizi na magego. Hapo peke yake unaweza kujua mengi, na paka wengi huvumilia. Kisha weka mkono mmoja juu ya kichwa, kidole gumba na cha shahada vikishika mifupa ya mashavu, inua pua itazame juu kidogo. Kwa kidole cha kati cha mkono wa pili, bonyeza taratibu meno madogo ya mbele ya taya la chini. Kinywa kitafunguka. Una sekunde tano, si zaidi. Mwenzako apige picha au video fupi, kwa sababu kile ambacho jicho limekosa simu itakishika, na daktari atapenda kuiona. Mwisho, kinywa kikiwa wazi, kidole gumba kisukume juu kutoka chini ya taya, katikati ya mifupa miwili, ili ulimi uinuke uone chini yake. Sehemu hii husahauliwa karibu na kila mtu.

Paka akilia kwa maumivu au akipigana, acha. Paka ambaye hawezi kufunguliwa kinywa kwa sababu ya maumivu amekwishatoa jibu lake: anahitaji kutazamwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Kinywa chenye afya kina rangi ya waridi iliyofifia, chenye unyevu, bila harufu ya kufukuza. Mpaka wa ufizi na jino ni mstari mwembamba, safi. Paka mkubwa ana meno 30: juu 16, chini 14. Mtoto ana 26, na huyabadilisha kati ya miezi mitatu na nusu na sita hivi, kwa hiyo damu kidogo na wekundu kidogo katika umri huo visikushtue. Paka wa rangi ya chungwa huota madoa meusi bapa kwenye midomo na fizi kadiri anavyokua. Hayo ni rangi tu, mwache nayo.

Wekundu umekaa wapi?

Tuanze na ulio rahisi. Mstari mwekundu unaofuata ukingo wa ufizi, usiovuka kwenda kwenye nyama laini ya shavu, kwa kawaida ni kazi ya ukoga. Ukoga ni utando wa bakteria unaojijenga juu ya jino ndani ya saa chache baada ya jino kusafishwa. Usipoondolewa, madini ya mate huugandisha ukawa gamba gumu la kahawia au la njano, na juu ya gamba hilo utando mpya hushika vizuri zaidi. Tazama hasa gego kubwa la juu, kila upande. Gamba hukaa hapo kabla ya kwingine. Ufizi ukikaa na bakteria hao miezi kwa miezi, mfupa unaoshika jino huanza kuliwa na jino linalegea. Kuna paka wachanga, wa miezi sita hadi mwaka, ambao fizi zao huvimba nyekundu sana ilhali meno ni meupe hayana gamba lolote. Usimwambie mtu mwenye paka wa aina hiyo angoje akue. Akisafishwa meno mapema na mara kwa mara, wengi hutulia. Akiachwa, meno huanza kulegea akiwa bado mdogo.

Ukiona ufizi mwekundu umepanda juu ya jino moja kama ulimi mdogo, hasa kwenye gego la kwanza la taya la chini, hapo shuku jino linalojila lenyewe. Ni ugonjwa wa kawaida mno kwa paka waliopita miaka mitano: chembe za mwili huchimba mzizi na shina la jino mpaka linakatika. Nyama nyekundu uliyoiona imeziba shimo. Ukiligusa kwa ncha ya pamba, taya hutetemeka lenyewe, hata kwa paka aliye nusu usingizini. Si kutoboka kwa meno kama kwetu sisi, sukari haihusiki, na kuziba hakusaidii. Jino hilo hung'olewa.

Sasa njoo nyuma ya kinywa. Kinywa kikiwa wazi utaona mkunjo wa nyama unaotoka upande wa ulimi kupanda kaakaani, mmoja kila upande. Nje ya mikunjo hiyo, nyuma ya meno ya mwisho, nyama inapaswa kuwa laini ya waridi. Ikiwa nyekundu iliyoiva, imevimba, ina vinundu kama koliflawa, inavuja damu ikiguswa, na iko hivyo pande zote mbili, basi huyo ana uvimbe sugu wa kinywa. Huu ndio ugonjwa ambao watu wanaumaanisha wanaposema paka ana kinywa kibovu kisichopona. Ukipimwa kwenye darubini, nyama hiyo imejaa chembe za kinga, limfosaiti na seli za plazma. Kinga ya mwili imepandisha vita dhidi ya utando wa meno, na mara nyingi virusi vya kalisi, vile vya mafua ya paka, vimo ndani ya mchanganyiko huo. Huonekana zaidi pale paka wengi wanapoishi pamoja. Dalili iliyo wazi kuliko zote ni mpaka: kuvimba kwa kawaida kwa ufizi huishia pale ufizi mgumu unapokutana na nyama laini ya shavu. Uvimbe sugu unauvuka mpaka huo. Ukikumbuka mstari huo mmoja tu, utakuwa umemsaidia paka wako kuliko chupa tatu za dawa.

Ulimi una habari zake. Vidonda vya mviringo, vyekundu, vyenye ukingo wazi, kwenye ncha na pembeni mwa ulimi, pamoja na homa, kamasi na macho yenye machozi, ni picha ya kalisi iliyoingia karibuni, na mara nyingine paka huchechemea kwa siku mbili tatu kwa sababu viungo vinamuuma. Vidonda vyenyewe hupona kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi, ila paka aliyepona anaweza kuendelea kuvitoa virusi kwa miezi. Virusi vya herpesi hupenda zaidi pua na macho. Kalisi haiuawi vizuri na pombe ya kupaka mikononi. Kinachofaa ni maji ya javeli ya kawaida (dawa ya kung'arisha nguo), kama mililita 30 ndani ya lita moja ya maji, kwenye sahani na sakafu, kwa dakika 10, kisha kusuuzwa vizuri na kukaushwa kabla paka hajarudi.

Sisitiza hilo la kusuuza, maana kemikali zenyewe huchoma ulimi. Paka anapita sakafuni penye maji, anakwenda kulamba miguu. Dawa za kudeki zenye benzalkoniamu huacha vidonda ulimini saa kadhaa baadaye, na mwenye nyumba hawezi kuunganisha mambo hayo mawili. Soda kali ya kutengenezea sabuni ni mbaya zaidi. Uani kwetu kuna mnyaa wenye maziwa meupe, na ndani ya nyumba nyingi kuna lile ua la majani mapana yenye madoa, Dieffenbachia, ambalo likitafunwa hupenyeza vichomi vidogo sana kwenye ulimi na midomo. Kwa hiyo orodha ya maswali iwe na hili: jana mlidekia nini, nani alitengeneza sabuni, maua gani yameingia?

Waya wa umeme uliochunwa nao una alama yake: kidonda cheupe au cha kijivu chenye kingo nyekundu kwenye pembe za mdomo, kaakaani au kukata ulimi. Kinywa kinaweza kungoja, kifua hakingoji. Baada ya kupigwa na umeme, maji yanaweza kujaa mapafuni katika saa zinazofuata. Hesabu pumzi akiwa amelala kwa saa 24 hadi 48. Zikizidi 40 kwa dakika, au akihema kinywa wazi, ni dharura.

Vidonda pembeni mwa ulimi vyenye tishu ya kahawia iliyokufa, pamoja na pumzi inayonuka kama mkojo, kwa paka mzee anayekunywa maji sana na kukonda: hapo tatizo ni figo, na kinywa ni dirisha tu. Ukimpa huyo dawa ya maumivu ya binadamu utaimalizia figo iliyobaki.

Uzi na mwiba tumeuweka hapa kwa makusudi, baada ya vyote hivyo, kwa sababu watu huanza nao na kuishia nao. Ni kweli sambaza wetu ni wadogo na mifupa yao ni laini, lakini miiba ya samaki wakubwa na vipande vya mfupa wa kuku hukwama kaakaani kati ya magego ya kushoto na ya kulia, paka akabaki anachezesha taya na kujikwaruza uso. Uzi wa kushonea au wa mfuko wa unga hujizungusha chini ya ulimi na ncha ya pili ikashuka tumboni. Usiuvute. Ukiuvuta unakata utumbo kama msumeno. Ukate tu usizidi kunyonga, kama unafikika, na umpeleke.

Kidonda kwenye mdomo wa juu, karibu na chonge, kilichochimbika, kisichoonekana kumuuma, mara nyingi kinatokana na mzio, na viroboto ni wa kwanza kushukiwa. Hata kama hujawaona, chana manyoya kwa chanuo la meno ya karibu juu ya karatasi nyeupe iliyolowa: punje nyeusi zinazoacha rangi nyekundu ni kinyesi chao.

Na upande mmoja. Paka aliyepita miaka 10, ana uvimbe mgumu chini ya ulimi au kwenye taya la upande mmoja, meno ya sehemu hiyo yamelegea, mengine ni mazima. Hiyo ni saratani mpaka maabara iseme sivyo. Wakati mwingine ni jipu la mzizi wa jino, na tunafurahi sana linapokuwa jipu. Lakini wiki sita za antibiotiki "kujaribu kwanza" ni wiki sita ambazo uvimbe umekula mfupa.

Mezani kwa daktari

Daktari mzuri atakuuliza kabla ya kumgusa paka: ana umri gani, anatoka nje, amepigana na nani, wako wangapi nyumbani, amepewa nini tayari. Swali la mwisho lijibiwe kwa ukweli, pamoja na majani ya bibi na kidonge cha jirani. Kisha uzito. Nyumbani unaweza kuupata kwa kujipima na paka mikononi, halafu kujipima peke yako na kutoa. Aliyepoteza nusu kilo kati ya kilo nne amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Joto la kawaida ni kati ya 38 na 39.2. Tezi za chini ya taya zitapapaswa: zikivimba zote mbili ni uvimbe wa kinywa au maambukizi, ikivimba moja ngumu turudi kwenye ule wasiwasi wa upande mmoja.

Kisha damu, na hapa pesa ndiyo inayoamua, kwa hiyo tuseme utaratibu wetu. Ukiweza vipimo viwili tu, chukua kreatinini na urea kwanza, halafu kipimo cha haraka cha virusi viwili vinavyoandikwa FIV na FeLV. Cha kwanza kinaambia kama figo zinabeba lawama na kama paka atastahimili dawa ya usingizi. Cha pili kinaambia kama kinga yake imekwisha kudhoofishwa. FIV huenezwa hasa kwa kung'atana, FeLV hata kwa kulambana na kula sahani moja. Hakuna kati ya hivyo kinachompata binadamu. Mtoto wa chini ya miezi sita akionyesha FIV usimhukumu, inaweza kuwa kinga aliyopewa na mama yake kwenye maziwa, apimwe tena baada ya umri huo. Paka aliyeng'atwa juzi, kipimo kikionyesha hana kitu, arudie siku 60 baadaye, maana mwili huchelewa kutoa jibu.

Maabara ya hospitali ya watu inaweza kupima kreatinini, urea na sukari ya paka bila shida, mradi tyubu iandikwe ni ya paka na matokeo yasomwe kwa viwango vya paka. Kreatinini inayozidi 1.6 mg kwa desilita inatutaka tupime mkojo. Mkojo wenye uzito wa zaidi ya 1.035 ukilinganishwa na maji, kwenye kifaa cha kupimia, unaonyesha kwamba figo bado zinakaza maji vizuri. Sukari ya damu huruka juu kwa hofu tu, hata kwa paka mzima, kwa hiyo tafuta sukari kwenye mkojo kabla ya kutamka kisukari. Hesabu ya chembe za damu ni jambo jingine: mashine iliyopangwa kwa damu ya binadamu huchanganya chembe-sahani za paka, zile za kugandisha damu, na chembe nyekundu, kwa kuwa ukubwa wake unakaribiana. Afadhali mtu asome kioo kwa darubini.

Vipimo viwili tungekushauri usivilipie. Kuotesha bakteria kutoka kinywani: kinywa kimejaa bakteria hata kwa paka mzima, utapata orodha ndefu isiyosema kitu. Na kutafuta kalisi peke yake kwa kipimo cha vinasaba: paka wengi wazima wanaibeba, kwa hiyo jibu la "ipo" halithibitishi kwamba ndiyo iliyoleta kidonda.

Ukaguzi wa kweli hufanyika paka akiwa amelala kwa dawa. Paka mkubwa asile kwa saa 8 hivi kabla, maji anaweza kunywa hadi karibu na wakati. Mtoto mdogo asinyimwe chakula muda mrefu, sukari yake itashuka. Daktari hupitisha kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya ufizi na kila jino: kwa paka mzima kina hakizidi milimita 1. Ukipata 2 au 3, mfupa umeanza kuondoka. Hukagua kila jino kwa ncha kali akitafuta mashimo, hugusa kila upande wa shavu, huinua ulimi. Picha ya radiografia ya meno ndiyo inayoonyesha mizizi, na nusu ya uharibifu wa paka uko chini ya ufizi. Mashine ndogo ya meno ikikosekana, ya kawaida inaonyesha angalau taya lililoliwa na mizizi iliyovunjika. Jino ambalo mzizi wake umebaki ndani baada ya kung'olewa vibaya ni sababu mojawapo ya kinywa kutopona, na bila picha hutajua.

Kipande cha nyama kitolewe kwa ajili ya maabara kila mara kidonda kikiwa cha upande mmoja, kikiwa kigumu, kikiwa kwenye mdomo wenyewe wa juu au wa chini, au kikiwa hakifanani na kitu kingine. Kikatwe ukingoni pa kidonda, kikiwa na sehemu ya nyama nzima, si katikati penye usaha, maana hapo utapata tishu iliyokufa tu. Kiwekwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake uwe mara kumi ya kipande, na kisiwekwe kwenye barafu kikagandishwa. Kama paka amechomwa kortizoni hivi karibuni, mwambie daktari: sindano ile hubadilisha kile ambacho darubini itaona.

Dawa zinazoua wakati chanzo bado kinatafutwa

Paracetamol. Kidonge kimoja cha 500 mg kinatosha kumuua paka, na nusu yake pia. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hii kama letu. Damu huacha kubeba hewa, fizi hugeuka kahawia, uso na miguu huvimba, anahema. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama, kwa hiyo usijaribu kukata robo. Ibuprofeni na diklofenaki huharibu figo na kutoboa tumbo. Ile bluu ya metilene ambayo mama zetu hupaka vidonda vya kinywa vya watoto huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, iache kabisa. Limau na chumvi ni mateso tu. Jeli ya kutia ganzi meno ya watu nayo huwa sumu ikimezwa.

Unachoweza kufanya: chakula laini, chenye uvuguvugu, kisicho na chumvi. Chemsha sambaza wabichi, wasage, wachuje, changanya na supu yao mpaka uji uwe mwepesi. Wale waliokaushwa kwa chumvi waloweke kwanza na ubadilishe maji mara mbili. Paka wa kilo nne anahitaji karibu kalori 200 hadi 250 kwa siku, na maji yote, pamoja na yaliyomo chakulani, yafikie kama mililita 200. Ukitumia bomba la sindano lisilo na ncha, lipitishe pembeni nyuma ya chonge, kidogo kidogo, ukingoja ameze. Usimwage kooni, chakula kitaingia mapafuni. Asiyekula chochote kwa siku mbili aende kwa daktari, hasa kama alikuwa mnene: mafuta ya mwili huhamia kwenye ini kwa haraka na kumletea ugonjwa wa pili mbaya kuliko wa kwanza.

Ikithibitika ni ule uvimbe sugu wa nyuma ya kinywa, usishtuke daktari akitaja kung'oa magego yote, na mizizi yake. Linaonekana jambo la kikatili kwa mnyama wa kilo nne. Lakini utando wa meno hauna pa kushika pasipo na meno, na karibu theluthi mbili ya paka hao hupona au hupata nafuu kubwa, ingawa wengine huchukua miezi na huendelea kuhitaji dawa. Hata bila magego wanakula vizuri, wengine hata bugali. Kortizoni ya mfululizo, kila mwezi sindano, inaweza kumletea kisukari huku kinywa kikizidi kuoza polepole.

Kama una paka zaidi ya mmoja, leo hii tenga sahani ya mgonjwa, uioshe ya mwisho, na uwafungue vinywa wote. Piga picha za kila mmoja, kushoto, kulia na nyuma, andika tarehe na uzito. Rudia baada ya siku 14 kwa mwanga ule ule.